Ramani kwanza, kisanduku baadaye: namna ya kuufungua mkusanyo mkubwa wa picha ili watu waupekue wenyewe

Bibi mmoja alikuja maktabani kwetu Jumamosi asubuhi. Maktaba yetu ni chumba kimoja tu, Ngamiani, Tanga. Kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikusanya picha za zamani za familia za mji huu na wilaya za jirani: tunaziskani, tunawarudishia wenyewe, tunabaki na nakala. Zimeshafika elfu tatu na ushei.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia mna picha za reli. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli."

Nikaandika "mfanyakazi wa reli" kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna kitu. Nikaandika "reli" peke yake, zikamiminika picha zaidi ya mia tatu, zimepangwa kwa namba za faili. Bibi akazitazama kumi, kumi na tano, macho yakachoka, akaaga. Wiki iliyofuata, nikiwa nasahihisha maelezo, ndipo nikaona: "wafanyakazi wa reli", "wafanyakazi wa reli Korogwe", "wafanyakazi wakipumzika". Zilikuwapo muda wote. Kompyuta yetu ilikuwa inalinganisha herufi kwa herufi, na kwa herufi "mfanyakazi" hayumo ndani ya "wafanyakazi". Ndivyo ilivyo kwa mwalimu na walimu, mvuvi na wavuvi, mtoto na watoto. Kiswahili hubadilisha neno mwanzoni, na programu nyingi za kutafutia zimetengenezwa kwa lugha zinazobadilisha maneno mwishoni.

Tungeweza kuifundisha kompyuta ngeli, na kazi hiyo ina faida yake. Lakini shida ya bibi ilikuwa kubwa kuliko wingi na umoja. Kisanduku cha kutafutia kinamfaa mtu anayejua jina la kitu anachokitaka, na analijua kama lilivyoandikwa na aliyeweka maelezo. Bibi hakujua tuliandika nini. Alijua mahali, alijua zama, na sura ya kitu angeitambua akiiona. Mtu wa namna hiyo anahitaji kuoneshwa mkusanyo wote kwanza, kisha apewe njia ya kuupunguza kwa mkono wake mpaka ubaki ule ukubwa anaoweza kuutazama. Mwongozo huu ni wa kutengeneza njia hiyo, kwa programu za bure, kwa mkusanyo wa ukubwa wa wetu.

Wazo lenyewe si jipya. Ben Shneiderman wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, alilitia katika kanuni fupi mwaka 1996: onesha yote kwanza, mruhusu mtu asogee karibu na kuchuja, kisha umpe undani pale anapouomba. Mpangilio huo ndio moyo wa kila kitu hapa chini. Tovuti nyingi za mikusanyo hufanya kinyume: zinaanza kwa kukuuliza unataka nini, kabla hazijakwambia zina nini.

Kama hujawahi kuiona tofauti hiyo, ijaribu leo kwenye kompyuta yako. Mwaka 1990 diski ya megabaiti 80 iliyokuwa ikitumiwa na watu 14 katika maabara ya Shneiderman ilijaa, na hakuna aliyejua nani ameijaza. Akabuni mchoro wa mistatili iliyojipanga ndani ya mstatili mmoja: kila faili ni mstatili, na ukubwa wa mstatili ni ukubwa wa faili. Programu ya bure WinDirStat huchora mchoro huohuo kwenye Windows. Ifungue, subiri imalize kuhesabu, utamwona mkosaji kwa jicho moja: video ya harusi ya mwaka juzi, imelala kwenye folda uliyokwisha kuisahau. Jiulize ungeitafuta kwa neno gani.

Hatua ya kwanza: kusanya maswali

Usifungue programu yoyote bado. Chukua daftari, na kwa wiki mbili andika kila swali ambalo watu wanakuletea, kwa maneno yaleyale waliyotumia. Sisi tuliandika: "Mna picha za Pangani?" "Shule yetu ilikuwaje kabla ya uhuru?" "Mna nini hasa humu?" "Huyu na yule walikuwa klabu moja?"

Kisha panga maswali kwa aina, maana aina ya swali ndiyo inayochagua mchoro. Swali la wapi linataka ramani. La lini linataka mstari wa wakati. La nani alikuwa na nani linataka mchoro wa mtandao, ule wa nukta zilizounganishwa kwa nyuzi. La "mna nini" linataka picha ndogondogo zimetandazwa kama karata mezani.

Nitasema wazi ninachoamini: karibu kila mtu anayeanza huutamani mchoro wa mtandao, kwa sababu unapendeza. Nami niliutengeneza. Wageni waliusifu, wakauzungusha kwa kipanya, wakaondoka bila kufungua picha hata moja. Daftari letu lilikuwa limejaa wapi na lini. Ramani na mstari wa wakati ndivyo tulivyopaswa kuanza navyo.

Hatua ya pili: jedwali

Michoro yote hii hula jedwali. Tumia LibreOffice Calc au programu nyingine ya majedwali unayoizoea. Kitu kimoja, mstari mmoja. Usiunganishe seli, usitie rangi zenye maana ("nyekundu ni zile ambazo hazijathibitishwa"), kwa sababu rangi hazisafiri jedwali likihamishwa.

Huu hapa mstari mmoja wa jedwali letu, safu baada ya safu (lat na lon ni latitudo na longitudo; tutazifikia hatua ya nne):

namba: TNG-0412
maelezo: Wafanyakazi wa reli mbele ya karakana
mahali palivyoandikwa: Korogwe stn
mahali: Korogwe
lat: -5.15
lon: 38.45
mwaka kuanzia: 1950
mwaka hadi: 1959
uhakika wa tarehe: kadirio
mada: reli, kazi
faili: TNG-0412.jpg

Tazama safu mbili za mahali. Ya kwanza inahifadhi maneno yaliyokuwa nyuma ya picha, na haiguswi kamwe. Ya pili ndiyo ya kazi. Anayesafisha majina juu ya safu ya asili anafuta ushahidi, na siku akigundua amekosea hana pa kurudi.

Tarehe nazo zinataka subira. Nyuma ya picha utakuta "miaka ya hamsini", "kabla ya uhuru", "Idd ya mwaka ule wa mafuriko", tarehe za Hijria, au hakuna kitu. Usibuni mwaka mmoja ili jedwali lipendeze. Andika mwaka wa mwanzo na wa mwisho wa kadirio lako, kisha useme kwenye safu ya uhakika kwamba ni kadirio. "Kabla ya uhuru" kwa picha ya Tanganyika inaishia 1961. Mwanzo wake utaupata kwa kuangalia mavazi, magari, au kwa kumuuliza mwenye picha alikuwa na umri gani. Zile zisizo na tarehe au mahali kabisa ziache wazi, lakini zisitupwe. Tutazirudia.

Hatua ya tatu: kusafisha majina

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiipita haraka, kila mchoro utakaofuata utasema uongo kwa rangi nzuri.

Pakua OpenRefine. Hufunguka ndani ya kivinjari lakini inafanya kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe. Ukishaipakua haihitaji bando, na picha za watu haziondoki kwako. Pakia jedwali, nenda kwenye safu ya "mahali", chagua kupanga maandishi kwa makundi. Upande wa kushoto itatokea orodha ya kila jina lililomo na idadi yake. Mara ya kwanza nilishtuka: Korogwe peke yake ilikuwa na sura tisa. "Korogwe", "korogwe", "KOROGWE", "Korogwe, Tanga", "Tanga Korogwe", "Korogwe stn", "Korogwe.", "Korogwi", na moja yenye nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni kabisa.

Kisha tumia amri ya kukusanya yanayofanana. Inafaa ujue inavyofikiri, ili uijue mipaka yake. Njia yake ya kwanza hugeuza herufi zote kuwa ndogo, huondoa alama za uandishi, hutenganisha maneno na kuyapanga kialfabeti. Kwa hiyo "Korogwe, Tanga" na "TANGA KOROGWE" huonekana kitu kimoja. Lakini "Dar es Salaam" na "Dar-es-Salaam" hazikutani kwa njia hiyo, kwa sababu vistari vikiondolewa maneno matatu yanakuwa moja. Hapo chagua njia ya pili, ile inayopuuza hata nafasi kati ya maneno. Kwa "Korogwi" kuna njia ya tatu, inayohesabu ni herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Hiyo itumie kwa uangalifu, maana inaweza kukupendekezea kuunganisha vijiji viwili vyenye majina ya karibu. Soma kila pendekezo kabla ya kukubali.

Na kuna kazi ambayo hakuna njia ya kompyuta itakayoifanya. Picha ya zama za Wajerumani itasema "Wilhelmstal", na hiyo ni Lushoto. "Neu-Langenburg" ni Tukuyu. "Bismarckburg" ni Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika. Kwa wenzetu wa Kenya, "Port Florence" ni Kisumu na "Fort Hall" ni Murang'a. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, "Albertville" ni Kalemie. Hakuna herufi za kulinganisha hapo, kuna historia tu. Tengeneza jedwali dogo la pili: jina la zamani, jina la sasa. Lijaze pole pole, na wazee wako watakusaidia kuliko kitabu chochote. Jedwali hilo ndilo litakalomwezesha mtoto wa Lushoto kufikia picha za mji wake zilizoandikwa na mtu ambaye hakulijua neno Lushoto.

Hatua ya nne: kutoka jina hadi nukta

Ramani haijui majina, inajua latitudo na longitudo. Ziko huduma zinazobadilisha orodha nzima ya majina kuwa namba kwa mkupuo. Kama mkusanyo wako una mahali mia moja au mbili tofauti, nakushauri ufanye kwa mkono: fungua OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni, tafuta mahali, nakili namba mbili, ziweke kwenye jedwali. Ni kazi ya siku mbili, na inakulinda na makosa ya aibu.

Makosa yenyewe nayajua kwa sababu niliyafanya. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama ya kutoa. Tanga ni -5.07 na 39.10. Sahau alama ya kutoa, na picha za Tanga zinaangukia kusini mwa Ethiopia. Badilisha nafasi ya namba hizo mbili, 39.10 mbele na -5.07 nyuma, na Tanga inahamia Uhispania. Siku ya kwanza nilipofungua ramani yetu, nukta sita zilikuwa zimekaa kimya katikati ya Uhispania, na mojawapo ilikuwa maulidi ya Raskazone.

Kosa la tatu ni baya zaidi kwa sababu halichekeshi. Huduma ya kubadilisha majina ikiulizwa "Kilwa" inaweza kukupeleka kwenye Kilwa iliyoko Kongo, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Hata ikikuleta pwani yetu, ni ipi: Kilwa Kisiwani, Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko? Neno "Tanganyika" nyuma ya picha ya 1955 lilikuwa nchi. Leo ni ziwa, na tangu 2015 ni pia jina la mkoa wa Kongo. Nukta iliyoanguka mahali panapoelekea kuwa sahihi haitamshtua mtu, na itabaki hapo miaka.

Kwa hiyo ongeza safu moja: "usahihi wa mahali". Andika "jengo", "mtaa", "mji", "wilaya" au "nchi". Picha inayojulikana kwa nchi tu usiiweke kwenye ramani kama nukta katikati ya Tanzania, maana mtu ataona rundo la picha huko Dodoma na kudhani Dodoma ilikuwa na wapiga picha wengi ajabu.

Hatua ya tano: jionee wewe kwanza

Sasa fungua Palladio, programu ya mtandaoni iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford kwa ajili ya watafiti wa historia. Haihitaji kujiandikisha. Inataka latitudo na longitudo zikae kwenye safu moja zikitenganishwa na mkato, kwa hiyo ongeza safu mpya kwenye Calc na fomula kama =E2&","&F2, kwa herufi za safu zako. Kwa kuwa mkato huo unaweza kuvuruga faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo safu zake hutenganishwa kwa mkato), hifadhi jedwali likitenganishwa kwa tabo. Buruta faili ulidondoshe kwenye ukurasa, chagua ramani, kisha chini yake weka mstari wa wakati.

Mstari wa wakati ni vijiti, kimoja kwa kila mwaka, urefu wake ni idadi ya picha. Buruta kipanya juu ya miaka ya 1950, na ramani hapo juu inabaki na nukta za miaka hiyo tu. Sogeza dirisha hilo dogo kuelekea kulia, taratibu, na nukta zinawaka na kuzimika mbele yako.

Siku nilipofanya hivyo niliiacha chai ikapoa. Nukta za picha zetu zilikuwa zimejipanga: Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, zikipanda kaskazini-magharibi chini ya milima ya Usambara kuelekea Moshi. Hakuna aliyechora reli pale. Reli ile ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, na picha zetu zilikuwa zimeifuata stesheni kwa stesheni, kwa sababu watu wenye kamera, mishahara na sababu ya kupigwa picha waliishi kando yake. Tulikuwa na picha hizo kwa miaka, tumezipa namba moja moja, na hatukuwahi kuona kwamba mkusanyo wa "mji na wilaya jirani" ulikuwa kwa kweli mkusanyo wa reli.

Na tukaona palipo tupu. Pangani, mji wa kale kuliko reli, ilikuwa na nukta mbili. Kisanduku cha kutafutia hakiwezi kukwambia hilo: ukiandika "Pangani" kinakuletea picha mbili, unashukuru. Ramani inakuonesha kwamba mbili ni aibu. Mwezi uliofuata tulipanda basi kwenda Pangani na skana kwenye mkoba.

Tumia hatua hii pia kuwakamata wahalifu waliopita hatua zilizotangulia: nukta baharini, picha ya rangi iliyoandikwa 1912, kijiti kirefu mno kwenye mwaka 1900 kwa sababu mtu fulani aliweka 1900 kila asipojua. Rudi kwenye jedwali, sahihisha, pakia tena. Mimi nilizunguka hivyo mara saba.

Hatua ya sita: sura ya kuwaonesha watu

Palladio ni meza ya kazi; haikupi ukurasa wa kuuweka hadharani. Kwa wageni tulitumia uMap, programu ya mtandaoni ya kutengeneza ramani inayosimama juu ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea. (Mitaa ya Dar es Salaam imo humo kwa kina kutokana na vijana na wakazi waliotembea nayo katika mradi wa Ramani Huria.) Ingia kwa akaunti ya OpenStreetMap, tengeneza ramani mpya, pakia faili lako la CSV. Hakikisha safu zinaitwa lat na lon, la sivyo haitazitambua.

Kisha fanya haya, kwa umuhimu huu:

Chagua aina ya tabaka inayokusanya nukta zilizo karibu kuwa duara moja lenye namba. Mtu akiisogelea ramani, duara linapasuka kuwa nukta. Bila hivyo Tanga mjini itakuwa doa jeusi la nukta elfu, na simu ya bei nafuu itakwama.

Washa vichujio vya "mada" na "muongo". Viwili au vitatu vinatosha. Mada kumi ni nyingi, arobaini ni kisanduku cha kutafutia kilichojificha.

Picha zenyewe hazikai uMap. Unaziweka kwenye tovuti yako na kuipa ramani kiungo. Tengeneza nakala ndogo za kila picha, upana wa pikseli 300 hivi, na ramani ioneshe hizo. Picha kubwa ifunguke mtu akiigusa tu. Wageni wetu wanalipia kila megabaiti, na kumfungulia mtu picha kubwa ishirini ambazo hakuziomba ni kumlia bando lake.

Andika juu ya ramani, mahali panapoonekana: "Ramani hii ina picha 2,100 kati ya 3,040; zilizobaki hazijulikani mahali," kwa idadi ya mkusanyo wako, na kiungo cha kwenda kwenye hizo zilizobaki. Hizi ndizo zile nilizosema tutazirudia. Picha isiyo na mahali ikikosa mlango wake, imezikwa. Sisi tumeziweka kwenye ukurasa wa picha ndogondogo, na nusu ya masahihisho tunayopata yanatoka hapo, maana watu hupenda kuulizwa "hapa ni wapi?"

Kisanduku cha kutafutia kiache, lakini kiweke chini au pembeni. Anayejua jina atakitafuta.

Na jaribu kila kitu kwenye simu kabla ya kompyuta. Kwenye simu hakuna kipanya cha kupitisha juu ya nukta ili maelezo yatokee. Kuna kidole, na kidole ni kinene. Chochote kinachotokea kwa kupitisha kipanya tu, kwa wageni wetu wengi hakipo. Nyekundu na kijani zisiwe ndizo pekee zinazotenganisha makundi mawili, kwa sababu wapo wasiozitofautisha. Ongeza umbo au neno.

Kabla ya kufungua ukurasa kwa umma, wapigie wenye picha. Tulikubaliana na familia kwamba picha za ndani ya nyumba zitawekwa kwenye ngazi ya mtaa, si ya jengo, na za makaburi hazitawekwa kwenye ramani kabisa. Waliotaka picha zao ziondolewe, ziliondolewa siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: mkae mezani pamoja

Waite watu watano, mmoja mmoja. Mpe kila mmoja swali kutoka lile daftari la hatua ya kwanza, mpe simu, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Ukisema tu "bonyeza hapo juu," jaribio limeharibika. Andika anapokwama.

Bibi wa reli alikuwa wa tatu. Nilimpa simu, akaitazama ramani muda mrefu bila kugusa.

"Huu mto ni Pangani?"

"Ndiyo, bibi."

Akaufuata kwa kidole, kutoka baharini kwenda bara, mpaka Korogwe. Kumbe hakuwa akisoma majina kabisa. Mto ndio uliokuwa njia yake. Akagusa duara, likapasuka, akaogopa kwamba ameharibu kitu. (Nikaandika: duara lisipasuke ghafla.) Akachagua miaka ya 1950, zikabaki picha kama thelathini, akaanza kuzipitia moja moja, taratibu, bila kuchoka safari hii.

Baba yake hakumpata. Kwenye picha ya ishirini na kitu alisimama. Kota za reli, mstari wa nyumba za bati, mwembe mbele, nguo zimeanikwa. Akaleta simu karibu na macho.

"Hii ya pili kutoka mwisho ni kwetu."

Maelezo yetu ya picha ile yalisema "Majengo, Korogwe". Hakuna neno duniani ambalo bibi angeliandika kwenye kisanduku likamfikisha pale.

Mabadiliko tuliyofanya baada ya watu watano yalikuwa madogo na ya maana: mito na reli zionekane vizuri kwenye ramani ya chini, tukaongeza kitufe kikubwa cha "rudi mwanzo", na vichujio vikaandikwa kwa maneno ya watu. "Miaka ya hamsini" badala ya "1950–1959". "Kazini" badala ya "ajira na uzalishaji".

Kama mkusanyo wako si wa picha

Hatua ni zilezile, mchoro ndio hubadilika. Kwa mwanafunzi anayezama kwenye makala za kitaaluma, Open Knowledge Maps hupokea mada na kukutandazia makala 100 zenye uhusiano mkubwa nayo katika maduara, kila duara mada ndogo. Ni njia nzuri ya kuuona uwanja kabla ya kuchagua njia. Anayetaka kuchora mwenyewe nani anamnukuu nani ana VOSviewer kutoka Leiden, Uholanzi. Ukitaka kusimulia tukio moja kwa picha chache zinazofuatana, TimelineJS inafaa, lakini watengenezaji wake wenyewe wanashauri usizidishe kurasa ishirini hivi; ni ya simulizi, usiipe vitu elfu tatu. Na ukitaka mkusanyo mkubwa wa kujifunzia jicho kabla ya kuhangaika na wako, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton: picha zaidi ya 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960.

Masahihisho

Weka namba ya simu chini ya kila picha, na mtu wa kuipokea. Masahihisho yakija, usiyaingize moja kwa moja kwenye ramani. Yaingize kwenye jedwali, kwa safu mbili mpya, "sahihisho" na "nani kasema, lini", kisha upakie jedwali upya. Jedwali lenyewe lihifadhi nakala sehemu tatu, mojawapo nje ya jengo. Huduma za mtandaoni huja na kuondoka. Ukiwa na faili la CSV na picha zako, ramani nyingine unaijenga kwa wiki moja.

Mwezi uliopita alipiga simu mzee mmoja wa Muheza kuhusu picha tuliyoiandika "Kiwanda cha mkonge, Muheza".

"Hapo si Muheza mjini, kijana. Hapo ni Ngomeni. Hilo paa nimeliezeka mimi."

Nikamuuliza mwaka gani. Akafikiri, akasema mwaka ambao mwanawe wa kwanza alianza kutembea, akamwita mkewe wahesabu pamoja, nami nikisubiri kwenye simu. Jioni nukta ilihama kuelekea Tanga, kadirio la tarehe likapungua kutoka miaka kumi hadi miwili, na "Muheza" ikabaki kwenye safu yake ya asili kama ilivyoandikwa.